Kichekesho Kinachojificha Mgongoni mwa Nyota wa Filamu

Fungua kurasa mbili za mwanzo za parodi ya filamu katika jarida la Marekani la MAD. Jicho linakwenda moja kwa moja kwenye uso unaoufahamu: nyota wa filamu aliyevutwa kidevu na kukuzwa pua, na kiputo cha maneno juu ya kichwa chake. Unasoma, unacheka, unahamia kwa mhusika anayefuata. Ukishamaliza, au kesho yake unapolifungua tena jarida, ndipo unamwona mtu mdogo kwenye kona ya chumba, yuko katika shughuli ambayo hakuna mhusika yeyote aliyeitaja. Wasomaji wengi hudhani mtu yule aliwekwa pale kwa kuwa mchoraji alibakiwa na nafasi na muda. Kwa kawaida hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo, na kumpenyeza pale bila kuuharibu ukurasa ni miongoni mwa kazi ngumu kabisa katika uchoraji wa vibonzo.

Parodi ya filamu ninayoizungumzia hapa ni hadithi fupi ya vibonzo, kurasa chache tu, inayoifuata filamu inayojulikana onyesho kwa onyesho huku ikiifanyia dhihaka. Utani wake mkuu umo katika maneno. Mwandishi ameuandika, na msomaji anaupokea kwa mpangilio, kiputo baada ya kiputo. Kichekesho cha nyuma hakina mpangilio huo. Hakuna ajuaye msomaji atakiona lini. Anaweza kukiona mapema mno, kabla hajasoma maneno, na utani wa mwandishi ukafa. Anaweza asikione kabisa. Mchoraji anatunga mzaha ambao hana mamlaka juu ya wakati wake, na katika uchekeshaji wakati ni nusu ya kazi.

Kujaza picha visa vingi kwa mpigo si jambo geni. Mwaka 1559 mchoraji Pieter Bruegel alichora kijiji kimoja cha Kiflamandi ambamo kila mkazi anatenda methali fulani, na methali hizo zinapita mia moja. Katika magazeti ya Marekani, tangu 1935, Bill Holman alikuwa akijaza vibonzo vyake vya mzimamoto Smokey Stover vibao na maneno ya ajabu yasiyohusiana na kisa. Lakini Bruegel hakuwa na nyota wa filamu mbele ya kijiji chake, wala Holman hakuwa na kazi ya kumfananisha mhusika wake na mtu halisi. Parodi ya filamu inadai yote kwa pamoja: ufanano, kisa, maneno, na huku nyuma maisha mengine.

Elder, Kurtzman na mafuta ya kuku

MAD ilianza New York mwaka 1952 kama kitabu cha vibonzo cha rangi kilichouzwa senti 10, mhariri wake akiwa Harvey Kurtzman na mchapishaji William Gaines. Kurtzman alikuwa mtu wa mipango. Aliandika hadithi, kisha akachora mwenyewe rasimu ya kila ukurasa: nani asimame wapi, atazame upande gani, kisanduku kipi cha picha kiwe kikubwa na kipi kidogo. Mchoraji alitakiwa kuifuata rasimu ile. Mmoja wa waliopewa rasimu hizo ni Will Elder, mzaliwa wa Bronx mwaka 1921. Elder aliifuata kweli, kisha kila palipobaki upenyo akapajaza: matangazo ukutani, vibao vya njia, wapita njia wenye hamsini zao, wanyama, vyombo vilivyotokea bila sababu. Nyongeza hizo aliziita mafuta ya kuku, akieleza kwamba ni kile kitu ndani ya supu ambacho hakikufai mwilini ila ndicho kinachoipa supu utamu wake.

Watu humsifu Elder kwa wingi wa vitu alivyoweza kuvirundika. Mimi naona sifa hiyo imewekwa mahali pasipo pake. Kurasa zake zinabeba vurugu ile yote kwa sababu chini yake kuna rasimu ya Kurtzman, ambayo ni safi na imara kiasi kwamba hata ukiijaza vitu hamsini bado unajua nani anasema na nani anamjibu. Ondoa mifupa hiyo na utabaki na ukurasa unaochosha. Nimewaona vijana wengi wenye vipaji wakianza na vichekesho vya nyuma kabla hawajamaliza kupanga walio mbele, na matokeo yake ni kurasa ambazo kila kitu kinapiga kelele kwa sauti moja.

Tazama parodi ya katuni za Disney ambayo Elder aliichora, iliyotoka mwaka 1955 kwa jina la “Mickey Rodent!”. Mickey Mouse amekuwa akivaa glavu nyeupe tangu 1929, na wanyama wenzake wengi vivyo hivyo, na watazamaji wamezoea kiasi kwamba hawaulizi tena. Kurtzman na Elder waliuliza. Katika parodi yao mhusika wa kando, farasi, anakokotwa kwa nguvu kwa kosa la kuonekana hadharani bila glavu zake. Panya mwenyewe hajanyoa ndevu, na mtego wa panya umemng'ang'ania mwilini. Hadithi ingeweza kwenda bila farasi yule. Ila yeye ndiye anayebeba tuhuma nzima ya parodi: kwamba nyuma ya ulimwengu ule wa furaha kuna mtu anayeamuru hata vidole vya viumbe wake vivae nini.

Hapo ndipo ninapopata kipimo changu. Kichekesho cha nyuma kilicho bora kinatoka ndani ya filamu yenyewe. Kinajibu swali ambalo mtazamaji aliondoka nalo ukumbini bila kulisema kwa sauti. Kile cha daraja la chini unaweza kukikata na mkasi ukakibandika kwenye parodi ya filamu nyingine yoyote, na hakuna atakayegundua. Elder alikuwa na vya aina zote mbili, na simlaumu, kwa kuwa vile vya kupita tu vina raha yake. Lakini msomaji akirudia ukurasa mara ya tatu, vya aina ya kwanza ndivyo anavyovitafuta.

Nafasi inayobaki baada ya maneno

Asiyewahi kuchora vibonzo hudhani kisanduku ni chumba kitupu kinachosubiri kujazwa. MAD ilipoacha kuwa kitabu cha vibonzo na kuwa jarida mwaka 1955, maneno yake yakawa yanapigwa chapa na kupangwa ukurasani kwanza. Mchoraji alipokea ubao wa kuchorea wenye mipaka ya visanduku na maneno ya viputo yakiwa tayari mahali pake. Na parodi ya filamu ina maneno mengi kuliko hadithi ya kawaida, kwa kuwa filamu ya saa mbili inabanwa kwenye kurasa chache, na mwandishi analazimika kueleza, kukumbusha na kuchekesha kwa sentensi ile ile. Viputo vikishachukua sehemu yao ya juu, na vichwa vya wahusika wakuu vikishachukua katikati, kinachobaki ni vipande: pembe tatu kati ya bega na ukingo, ukanda mwembamba chini ya kiputo, nafasi kati ya miguu ya mtu.

Kwa hiyo kichekesho cha nyuma huanza na umbo la nafasi, halafu ndipo wazo linakuja. Ukiwa na ukanda mrefu wa mlalo, unafikiria foleni, reli, meza, mtu aliyelala. Ukiwa na upenyo wa wima, unafikiria mlango, ngazi, mtu anayening'inia. Mchoraji aliyekomaa huwa na wazo la filamu na umbo la nafasi kichwani kwa wakati mmoja, na anangoja vikutane. Vikikataa kukutana anaacha pale weupe, au ukuta mtupu. Uvumilivu huo ni nadra. Upenyo mtupu unamkera mchoraji mcheshi, naye hutia chochote ili mradi pasibaki wazi.

Picha kubwa ya ufunguzi ni hali tofauti. Pale wahusika wote wa filamu hupangwa pamoja, kila mmoja na kiputo chake cha kujitambulisha, na mandhari nzima ya filamu inaonekana. Hapo nafasi ipo, na ndipo mchoraji anapojimwaga. Hatari yake ni kumaliza akiba yote kwenye kurasa hizo mbili. Msomaji aliyepewa karamu mwanzoni na baadaye akakuta kuta tupu atahisi amedanganywa.

Kuongoza jicho bila msomaji kujua

Swali linaloumiza kichwa zaidi ni hili: utafanyaje kitu kionekane, lakini kisionekane kwanza? Vifaa vya mchoraji hapa ni vya kawaida kabisa. Mstari wa mbele huwa mnene, wa nyuma mwembamba. Weusi mzito huwekwa karibu na nyuso zinazosema, na huko nyuma tofauti kati ya weusi na weupe hupunguzwa kwa rangi ya kijivu. Vitu vya nyuma hufunikwa kiasi na vya mbele, ili akili ivipokee kama sehemu ya mahali na isivichukulie kama tukio. Na mtu wa nyuma asimtazame msomaji. Binadamu akiona macho mawili yanamwelekea hawezi kuyapuuza. Mtu mdogo kuliko kidole anayekutazama atakuvuta kabla ya nyota wa filamu aliye mara kumi ya ukubwa wake.

Kuna pia njia ya kusoma. Katika maandishi yetu ya kilatini jicho linaingia kisandukuni juu kushoto na kutoka chini kulia, likipitia viputo. Kichekesho kilichowekwa juu ya njia hiyo kinamkwaza msomaji. Kikiwekwa nje kidogo ya njia, chini kushoto au ndani kabisa ya chumba, kinamngoja arudi. Kona ya chini kulia ni mahali pa hatari na pa thamani: jicho linapita pale baada ya maneno yote kwisha, kwa hiyo kilichopo pale kinasomwa kama jibu la mwisho. Mwandishi akiwa ameumaliza utani wake kwa nguvu kwenye kiputo cha mwisho, mchoraji anayeweka kichekesho kwenye kona hiyo anampokonya mwenzake neno la mwisho.

Nichukue filamu ambayo wengi wameiona, “Titanic” ya James Cameron ya mwaka 1997. Kwetu ilipendwa kiasi cha kuchorwa kuwa hadithi ya vibonzo kwa Kiswahili huko Tanzania, na hadi leo ukilitaja jina lake kijiweni mtu atauliza lile swali: kwa nini Rose, aliyeokoka juu ya ule ubao wa mlango, hakumpisha mpenzi wake Jack aliyekufa majini? Swali hilo halikuishia vijiweni. Mwaka 2023 Cameron mwenyewe alionyesha kwenye televisheni jaribio la kuwatia watu wawili kwenye maji baridi ili alijibu. Swali lililodumu miaka 25 ni mali safi kwa mchoraji wa parodi.

Tuseme basi tunatunga kichekesho cha nyuma kinachojirudia. Kwenye onyesho la ncha ya meli, wapenzi wamenyoosha mikono. Nyuma yao kabisa, mwanamume mwenye kofia bapa amepiga magoti anapima benchi kwa futi ya utepe. Kwenye ukumbi wa chakula, matajiri wanasengenyana. Mlangoni yule yule anaupima mlango, penseli sikioni. Meli inapoinama na abiria wote wanakimbilia upande mmoja, yeye anakwenda upande wa pili akiwa na bisibisi. Mwishoni Rose yuko juu ya ubao, Jack yuko majini, na gizani nyuma yao unaona mlango mkubwa wa ukumbi ukielea, na juu yake mke, mume na watoto watatu wameketi na mizigo yao, taa imewashwa.

Kwenye maelezo inaonekana rahisi. Sasa ichore. Kwanza, huyu mtu ana kimo cha sentimita moja na nusu, kwa hiyo uso wake hauwezi kumtambulisha. Kofia na utepe lazima vifanye kazi hiyo, na utepe ubaki na mkunjo ule ule kila mara. Pili, mara ya kwanza anapaswa kupitwa bila kuonekana, mara ya pili aonekane na wasomaji wachache, na mara ya tatu asikosekane, maana bila mara ya tatu picha ya mwisho haina maana. Hivyo anakua kidogo kila anaporudi, na mara ya tatu anawekwa kwenye weupe, peke yake, akienda kinyume cha umati. Mwelekeo wake ndio unaomwonyesha. Tatu, kwenye picha ya mwisho mwandishi bila shaka ameandika maneno ya utani kuhusu ubao. Ile familia ikionekana kabla maneno hayajasomwa, yamekufa. Kwa hiyo taa yao iwe nukta ndogo, na mstari wao uwe wa kijivu juu ya giza, upande wa kulia mbali na kiputo.

Na liko la nne, ambalo halihusu kalamu. Titanic ni meli ya kweli. Iliondoka mwaka 1912 na mashua 20 za kuokolea, zenye nafasi 1,178, ikiwa imebeba watu zaidi ya 2,200, na takriban 1,500 wakafa. Kichekesho cha nyuma kwenye maji yale kinaweza kuteleza kikawa kejeli dhidi ya waliozama. Ndiyo maana mtu wetu wa futi lazima aokoke, pamoja na watoto wake. Mzaha unaelekezwa kwa filamu iliyoupamba msiba, na watu wa kawaida waliomo ndani ya picha wanatoka wakiwa na akili kuliko hadithi yenyewe. Ukiwachora wanaozama wakifanya vituko, utakuwa umecheka na upande usiostahili.

Drucker na umati unaofikiri

Mort Drucker alizaliwa Brooklyn mwaka 1929, akaingia MAD mwaka 1956, na alipofariki mwaka 2020 jina lake lilikuwa limeshikamana na parodi za filamu kuliko la mchoraji mwingine yeyote. Njia yake ilikuwa tofauti na ya Elder. Matangazo na vibao vya utani anavyo, lakini nyuma ya nyota wake kilichojaa zaidi ni watu. Aliamini kwamba sura ya mtu inakaa katika nafasi iliyopo kati ya macho, pua na mdomo kuliko katika viungo hivyo vyenyewe, na kwamba mikono inaeleza tabia sawa na uso. Imani hiyo aliipeleka hadi kwa watu wasio na jina. Mhudumu aliyesimama mlangoni kwenye ukurasa wa Drucker anasikiliza mazungumzo na ameshachoka nayo. Askari wa nyuma anamtazama mkuu wake kwa namna ya mtu anayehesabu siku za kustaafu. Huhitaji kibao cha kukuambia ucheke.

Ufanano wenyewe unaleta tatizo ambalo Elder hakukutana nalo sana. Nyota wa filamu lazima atambulike katika kila kisanduku, akiwa ubavu, akiwa amelala, akiwa amekasirika. Umakini wa msomaji una kiasi, na sehemu kubwa yake inatumika kutambua nyuso. Ukiweka nyuma uso mwingine wa mtu maarufu aliyepotea njia kutoka filamu nyingine, umeanzisha fumbo jipya katikati ya fumbo la kwanza. Wasomaji wanazipenda ziara hizo, na mimi pia nimezifurahia. Ila moja kwenye picha ya ufunguzi inatosha, na mgeni huyo awe na sababu ya kuwa pale: labda aliwahi kuigiza nafasi kama hiyo, au filamu yake ndiyo iliyoibiwa wazo.

Enzi kabla ya kanda za video kulikuwa na ugumu mwingine ambao vijana wa leo hawaufikirii. Mchoraji alitegemea picha mnato ambazo kampuni za filamu zilitoa kwa waandishi wa habari, na kumbukumbu yake ya kukaa ukumbini. Picha zile zilipigwa kuonyesha nyota, na chumba nyuma yao kilikuwa ukungu mtupu. Utatungaje kichekesho juu ya taa ya mezani ambayo hukuiona vizuri? Mchoraji alijaza kwa kubuni, na hapo ndipo vile vichekesho vya kubandikwa popote vilipopata mlango. Leo unaisimamisha filamu kwenye kompyuta na kuhesabu vitabu kwenye rafu. Upande mzuri ni kwamba unaweza kugundua kwamba saa ya ukutani haikusogea katika mazungumzo ya dakika kumi, na hicho ni kichekesho kamili. Upande mbaya ni kwamba msomaji naye amesimamisha, amegundua, na pengine amekwisha kusambaza alichokigundua kabla jarida halijachapwa.

Watu wa filamu wenyewe waliona uzito wa kazi hii. Drucker ndiye aliyechora bango la “American Graffiti” ya George Lucas mwaka 1973, kama Jack Davis, mwenzake wa MAD, alivyochora umati wa mbio kwenye bango la “It's a Mad, Mad, Mad, Mad World” mwaka 1963. MAD ilipotoa mwaka 1981 parodi ya “The Empire Strikes Back” iliyoandikwa na Dick DeBartolo na kuchorwa na Drucker, wanasheria wa kampuni ya Lucas walituma barua ya kudai jarida likome, huku Lucas mwenyewe akiwa amekwisha kuandika barua ya kuwasifu wawili hao. Jarida lilijibu kwa kuwapelekea wanasheria nakala ya barua ya bosi wao.

Nani anasimama nyuma?

Kuna jambo ambalo waandishi wengi wa vibonzo hulipita haraka, nami sitalipita. Mtu wa nyuma anachorwa kwa mistari michache na lazima aeleweke kwa kutupiwa jicho mara moja. Kinachoeleweka upesi hivyo mara nyingi ni kile ambacho kila mtu amekwisha kukizoea, na mazoea hayo yamejaa dharau. Vibonzo vya Marekani na Ulaya vya nusu ya kwanza ya karne ya 20 viliwachora Waafrika kwa midomo na macho yale yale ya kunakili, na Wachina kwa meno yale yale, hasa pale walipokuwa umati nyuma ya shujaa. Mwaka 1930 na 1931 Hergé, mchoraji wa vibonzo wa Ubelgiji, aliichora Kongo nzima namna hiyo kwenye hadithi ya shujaa wake Tintin, bila kuwahi kufika huko.

Parodi ina mtego wake hapa. Filamu nyingi zenyewe zimewaweka watu wa namna fulani nyuma, wakiwa wabebaji mizigo, wapiga ngoma au maiti. Mchoraji akiiga filamu kwa uaminifu bila kufikiri, anairudia dharau ile kwa mara ya pili na kuiongezea kicheko. Akitumia akili, umati ule ndio ghala lake kubwa. Wapagazi nyuma ya mvumbuzi mzungu msituni wanaweza kuwa wanaisoma ramani aliyoishika kichwa chini, au wamekwisha kutua mizigo na kupika chai wakati yeye anahutubia. Mistari ni ile ile, nafasi ni ile ile. Anayechekwa amebadilika. Naamini kabisa kwamba ubora wa mchoraji wa parodi unapimika kwa watu aliowaweka nyuma kuliko kwa nyota aliyemweka mbele, maana nyota anasimamiwa na mhariri, wakili na mashabiki, na mpagazi hana wa kumsemea isipokuwa aliyeshika kalamu.

Maneno, pembezoni na rangi

Kibao chenye maandishi ya utani ndicho kichekesho cha nyuma kilicho rahisi kutunga, na ndicho kinachozeeka upesi. Kibao kinachotaja kashfa ya mwezi uliopita kitakuwa kimechacha jarida linapofika dukani, kwa kuwa kati ya kuchora na kuuzwa hupita wiki nyingi. Halafu kibao kinasomwa, hakitazamwi. Kinaongeza maneno kwenye ukurasa uliolemewa na maneno. Kitendo cha mtu hakina matatizo hayo, ila kukitunga kunachukua muda mrefu zaidi.

Sergio Aragonés, aliyelelewa Mexico na kufika New York mwaka 1962 akiwa na Kiingereza kidogo, aliukwepa mgogoro wote. Tangu 1963 vichekesho vyake vidogo visivyo na maneno vimekaa nje ya visanduku, kwenye weupe kati na kandokando ya ukurasa. Pale hakuna nyota wa kushindana naye wala kiputo cha kuua. Ni suluhisho zuri mno, lakini ni la kazi ya aina nyingine: mtu wa Aragonés haishi ndani ya filamu, kwa hiyo hawezi kuitoa kasoro akiwa ndani yake.

Mwaka 2001 MAD ilianza kuchapwa kwa rangi baada ya miaka mingi ya weusi, weupe na kijivu. Kwa wachoraji wa vichekesho vya nyuma hayo yalikuwa mageuzi. Kijivu kilikuwa kikificha na kufunua kwa utaratibu. Koti jekundu huko nyuma linapiga kelele hata likiwa dogo namna gani. Wengi hupooza rangi zote za nyuma kuelekea bluu au kahawia, na kubakiza rangi kali kwa wanaozungumza. Inafanya kazi. Ila ukurasa mzima ukipoozwa hivyo kila toleo, msomaji huzoea kwamba nyuma ni mahali pafu na huacha kupatazama.

Simu ndiyo iliyoleta ugumu mpya kuliko wote. Programu nyingi za kusomea vibonzo huonyesha kisanduku kimoja kimoja, na zile kurasa mbili za ufunguzi, ambazo zilikuwa uwanja wa Elder na Drucker, zinakatwa vipande au kusinyaa hadi mstari mwembamba usionekane. Wapo wanaochora kwanza kwa ukubwa wa simu, wakihakikisha uso na kiputo vinasomeka, kisha wanarudi kuongeza vitu vya nyuma kwa ajili ya msomaji atakayetanua picha kwa vidole viwili. Kutanua huko ni hatua ambayo msomaji wa karatasi hakuihitaji, na hachukui hatua hiyo bila kudokezewa. Kwa hiyo mchoraji wa simu anaacha dokezo kwenye ukubwa wa kawaida: ncha ya utepe wa futi inayotokea nyuma ya bega la nyota, bila mwenye kuishika kuonekana.